Motaboti za Starehe Ziwani Victoria: Sifa na Manung'uniko ya Wenyewe

Siku ya Jumapili, watu wakisha kutoka makanisani na jua likishika ukali, Ghuba ya Murchison iliyo kusini ya mji wa Kampala hubadilika sura. Mitumbwi ya wavuvi iliyoyatawala maji hayo usiku kucha huwa imekwisha kurudi pwani, na nyavu zimeanikwa. Nafasi yake huchukuliwa na vyombo vya namna nyingine: motaboti za starehe, nyeupe, za faibaglasi, nyingine ndogo za kuchukua watu watano au sita, nyingine kubwa zenye paa, viti vya sponji na vipaza sauti ambavyo husikika kabla ya chombo chenyewe kuonekana. Hutoka Munyonyo, Gaba na Entebbe, zikaelekea visiwani au zikazunguka tu na kurudi. Zamani za utawala wa Kiingereza starehe hiyo ilikuwa ya Wazungu na klabu zao. Siku hizi mwenye chombo aweza kuwa daktari, wakili, mwuza mabati, au kijana aliyerudi kutoka ng'ambo na akiba yake.

Kazi ya mwandishi wa makala haya humfikisha mara kwa mara katika pwani hizo, na kwa muda sasa amekuwa na desturi ya kuwauliza wenye motaboti maswali mawili: Wapenda nini katika chombo chako? Wachukia nini? Swali la kwanza hujibiwa upesi na kwa tabasamu. La pili huchukua muda mrefu zaidi, na aghalabu mwulizwaji huomba kiti kwanza. Majibu hayo, yakikusanywa pamoja, yanafundisha jambo ambalo si wenye vyombo wote wameling'amua: kwamba sehemu kubwa ya lawama wanazoibebesha mashine yafaa ziende kwingine, nazo ni kwa idadi ya watu wanaowapakia. Na kwa kuwa mwenye chombo ni mmoja na wageni wake ni wengi, habari hii yawahusu hata zaidi wale wasio na motaboti, ila hualikwa.

Tuanze na sifa. Karibu wote hutaja uhuru. Ziwa Victoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi, na karibu nusu yake ni ya Uganda. Ndani ya sehemu hiyo vimo visiwa vya Ssese, ambavyo hesabu yake ni 84, na vingine vidogo vilivyotapakaa mbele ya Entebbe na Mukono. Mtu ambaye juma zima amekaa katika foleni za magari ya Kampala, akishika usukani wa motaboti na kuona maji matupu mbele yake, huhisi kama aliyeachiliwa kutoka kifungoni. Anayetoka Entebbe kwenda Kalangala huvuka mstari wa Ikweta akiwa majini, na wengi hupunguza mwendo hapo ili wageni wapige picha, ijapokuwa hakuna cha kupigwa picha isipokuwa maji.

La pili ni maji yenyewe. Ziwa letu si la chumvi, na hii ni neema ambayo wenye vyombo wa Mombasa na Dar es Salaam wangeililia. Huko baharini injini isiyosafishwa ndani kwa maji baridi baada ya safari huliwa na chumvi. Njia za kupozea huziba, bolti hushikana, nyaya huota ukungu wa kijani. Hapa kwetu mashine huweza kufanya kazi miaka mingi bila maradhi hayo. Lakini neema hii ina mtego wake mdogo. Motaboti kadhaa zilizoko ziwani zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika baharini, nazo huja na vipande vya zinki vilivyofungwa karibu na rafadha, yaani lile panga linalosukuma maji, ili viliwe na kutu badala ya chuma chenyewe. Katika maji baridi zinki hujivika ganda na kuacha kufanya kazi. Kinachotakiwa ni magnesi. Wenye vyombo wachache walioulizwa walilijua jambo hili.

Wengine husifu uvuvi wa ndoano. Sangara, ambaye aliingizwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950, aweza kupita uzito wa kilo 100, na mtu aliyewahi kushindana naye kwa mshipi akiwa katika chombo kidogo hahitaji kuulizwa mara mbili kwa nini alinunua motaboti.

Lakini sifa inayotolewa kwa macho yanayong'aa kuliko zote ni ile ya chombo kupanda juu ya maji. Msomaji ambaye hajalishuhudia jambo hili na aelezwe. Motaboti ikienda polepole hulima maji kama jembe, ikiyasukuma mbele na kuyaburuta nyuma. Mafuta yakiongezwa, omo huinuka hata dereva asione mbele, tezi huzama, na chombo huonekana kama kinapanda kilima. Kilima hicho ni wimbi lake chenyewe. Nguvu ikitosha, hukivuka. Omo hushuka, sehemu kubwa ya chombo hutoka majini, na tangu hapo huteleza juu ya uso wa ziwa kwa wepesi wa ajabu. Mwendo huongezeka, kelele ya mashine hupungua, na hata mafuta yanaweza kupunguzwa bila mwendo kuanguka. Mzee mmoja wa Entebbe, mwenye chombo cha futi 18, alisema kwamba alilipa fedha zake zote kwa ajili ya sekunde zile tano za kukivuka kilima.

Pengine si vibaya kukumbusha hapa kwamba injini ya kufungwa nyuma ya mashua ilitokana na starehe kabla haijawa chombo cha kazi. Mwaka 1909 fundi mmoja wa Marekani mwenye asili ya Norway, Ole Evinrude, alianza kuuza mashine za namna hiyo mjini Milwaukee, na husimuliwa kwamba wazo lilimjia siku moja alipokuwa akipiga makasia ziwani kumpelekea mchumba wake aiskrimu, ikayeyuka kabla hajafika. Kwetu mambo yamekwenda kinyume. Mashine hizo zilikuwa mikononi mwa wavuvi na wachukuzi wa abiria muda mrefu kabla ya kuwa mchezo wa Jumapili, na ndiyo maana hata leo fundi hodari wa injini hapatikani katika hoteli za pwani. Hupatikana magatini kwa wavuvi, chini ya mwembe, akiwa na masanduku matatu ya vipuri vilivyotumika.

Sasa manung'uniko. La kwanza kwa wote, bila kubagua, ni petroli. Injini ya mipigo minne yenye nguvu ya farasi 100, ikifunguliwa mafuta hadi mwisho, hunywa kadiri ya lita 35 hadi 40 kwa saa moja. Kwa kiasi hicho gari dogo lisilo na tamaa lingetoka Kampala likafika Mbarara na kurudi. Mwenye chombo hulijua jambo hili katika Jumapili ya kwanza baada ya kununua, wala hakuna dalali aliyewahi kumweleza kabla. Wenye injini za mipigo miwili, zile ambazo petroli yake huchanganywa na oili, aghalabu lita moja kwa hamsini, huwa na maneno makali zaidi, kwani mashine hizo hutupa sehemu ya mafuta nje pamoja na moshi kabla hayajawaka. Sifa yake ni kwamba ni nyepesi, ni rahisi kutengeneza, na kila gati lina mtu anayezijua.

La pili hufuata mara moja: kwamba mashine haina nguvu iliyoandikwa ubavuni mwake. Mwenye chombo mmoja wa Munyonyo aliamini kabisa kwamba alidanganywa, na kwamba injini yake ya farasi 40 ilikuwa ya 30 iliyobandikwa jina jingine. Hakudanganywa. Ziwa Victoria liko meta 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyembamba kuliko ile ya pwani ambako mashine hupimwa. Injini inayovuta hewa kwa nguvu zake yenyewe hupoteza kadiri ya asilimia 3 ya nguvu kwa kila meta 300 za kupanda. Kwa hiyo hapa kwetu kama asilimia 11 imekwisha kupotea kabla ya kamba kuvutwa, na farasi 40 wamekuwa 35 au 36. Dawa ipo, nayo si ghali kama kununua mashine nyingine: ni kubadili rafadha na kufunga ile ambayo mapanga yake yamelala zaidi, ili mashine ipate mzunguko wake ufaao. Mafundi wa magatini hulifanya jambo hili kwa kukisia, na mara nyingi hukisia vizuri.

Hata hivyo hewa haiwezi kubeba lawama yote. Turudi kwenye kile kilima cha maji. Ili kukivuka, chombo chahitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi, na kinachoamua kama kitavuka ni uzito. Motaboti ya futi 18 iliyokusudiwa watu wanane hubeba katika watu hao kilo 600 hivi, tukimhesabu kila mmoja kuwa ni kilo 75. Wakija 12, kilo 300 zimeongezeka, bila kuhesabu makreti ya bia, jiko la kuchomea nyama, mkaa, na yule mbuzi ambaye husafiri akiwa hai ili awe mbichi. Chombo hicho hakitavuka. Kitakaa safari nzima katika hali ile mbaya kuliko zote, omo juu na tezi chini, mafuta yamefunguliwa hadi mwisho, mashine inalia, na mwendo hauendi. Petroli iliyotosha kwenda na kurudi itakwisha njiani. Mwenye chombo akirudi atamwita fundi, na fundi atasafisha plagi na kabureta, atalipwa, na Jumapili itakayofuata hali itakuwa ile ile.

Mwandishi alipomweleza hesabu hii yule bwana wa Munyonyo, alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba chombo chake hakijawahi kumkasirisha siku alizotoka na mkewe na watoto wawili tu.

La tatu ni magugu maji. Mmea huo wenye maua ya rangi ya zambarau, unaopendeza sana kwa asiyemiliki injini, ulionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ulifunika ghuba nyingi hata pantoni zikashindwa kutia gatini. Ulipungua baada ya wadudu wanaoula kuletwa na mashine kutumika, lakini haukuisha, na upepo huuhamisha kutoka ghuba moja hadi nyingine kama jeshi linalohamisha kambi. Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda hata yakaupita upeo wa mwaka 1964, vipande vikubwa vya mafunjo na majani viling'oka kandokando vikawa visiwa vinavyoelea. Kimoja kilifika Jinja mwezi Aprili kikaingia katika mitambo ya umeme ya Nalubaale, na nchi ikakosa umeme. Ikiwa kisiwa cha namna hiyo chaweza kuzima mitambo mikubwa kiasi hicho, motaboti ni kitu gani?

Madhara yenyewe huja kwa njia mbili. Mizizi hujizungusha kwenye rafadha, na hilo huonekana na huweza kukatwa kwa kisu baada ya injini kuzimwa. La hatari zaidi ni majani kuziba matundu ya kuvutia maji ya kupozea. Kila injini ya nje ina kijito chembamba kinachorushwa kando wakati inapofanya kazi, na mwenye kuijua hukitazama kila mara, kama mama anavyotazama kifua cha mtoto aliyelala. Kikikatika, zimepo dakika chache tu kabla mashine haijapata moto wa kuiharibu. Ni ajabu jinsi watu wanavyoweza kununua vipaza sauti vya bei kubwa na wasijue kijito hicho ni cha nini.

Kuhusu wizi tutasema machache, kwani msomaji wa magazeti amekwisha kuusoma. Injini huibwa, huvushwa, huuzwa katika visiwa vya mbali. Mwenye chombo kidogo hufungua mashine kila jioni na kuilaza ndani ya nyumba. Mwenye kubwa huajiri mlinzi, kisha hulala akimfikiria mlinzi. Kichocho nacho kimo katika maji yasiyo na kina yenye majani, mahali pale pale ambapo wengi hupenda kuoshea vyombo vyao wakiwa wamezama hadi magotini. Jambo hili halikutajwa na hata mmoja.

Tuje kwenye hali ya hewa, ambayo wote huilalamikia na wachache huifahamu. Malalamiko yao ni kwamba ziwa ni kigeugeu. Kwa hakika ziwa hili lina ratiba yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kwenda pwani. Mawingu hujikusanya juu ya nchi, na mvua ya alasiri hunyesha huko. Usiku mambo hugeuka. Maji hubaki na joto, nchi hupoa, pepo kutoka pande zote za ziwa hukutana katikati yake, na hapo hufumuka dhoruba za radi ambazo huwa kali zaidi kati ya usiku wa manane na asubuhi. Wavuvi wamelijua jambo hili kwa vizazi, nao watafiti wa hali ya hewa wamelithibitisha kwa picha za setilaiti. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionya kwamba dhoruba hizo za usiku zitazidi ukali kadiri dunia inavyopata joto.

Mawimbi ya ziwa nayo si kama ya bahari. Ni mafupi, yamesimama wima, na yako karibu karibu. Kina cha ziwa lote hakizidi sana meta 80, na upepo wa nusu saa hutosha kuyaamsha. Motaboti ya starehe, yenye tumbo pana na ukuta mfupi, haikuundwa kwa mawimbi hayo. Mtumbwi mrefu wa mvuvi huyapita kwa kuyakata. Motaboti huyapiga kofi, na kila kofi hufika katika uti wa mgongo wa abiria. Wenye vyombo hulichukia jambo hili, wala hawakosei.

Lakini hapa pia desturi ya watu huongeza ubaya wa maumbile. Safari ya starehe ambayo ilikuwa iondoke saa tatu asubuhi huondoka saa saba, kwa sababu mgeni fulani alichelewa, na mwingine alikwenda kununua barafu. Visiwani nyama huchelewa kuiva. Huku kwetu kwenye Ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili u nusu na saa moja, na giza huingia mara moja, halibembelezi. Chombo hurudi gizani, mara nyingi bila taa, ijapokuwa taa zenyewe ni tatu tu: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Askari wanaolinda ziwa, ambao mwaka 2017 walipewa kazi ya kuzuia uvuvi haramu, huona kivuli kisicho na taa kinakuja kwa kasi, wasijue kama ni mwizi wa injini au ni wakili anayerejea kutoka kwenye sherehe ya kuzaliwa. Wavuvi walionyamaza juu ya nyavu zao hawakioni kabisa.

Tarehe 24 Novemba 2018, siku ya Jumamosi, jioni, motaboti moja kubwa ya starehe ilipinduka katika maji ya Wilaya ya Mukono, si mbali na pwani. Watu zaidi ya 30 walikufa. Mwenye chombo mwenyewe alikuwa mmoja wao. Ilielezwa na wakuu wa serikali na polisi kwamba chombo hicho hakikuwa na leseni, kwamba kilikuwa na hitilafu, na kwamba kilikuwa kimechukua watu kupita kiasi chake kwa mbali sana. Wengi hawakuwa wamevaa makoti ya kuelea. Muziki ulikuwa ukipigwa. Wavuvi waliokuwa karibu ndio waliotangulia kuwaokoa walionusurika, kisha askari wa majini wa jeshi na wa polisi wakafanya kazi ya siku kadhaa ya kuwatoa waliokufa.

Baada ya msiba ule yalisemwa mengi juu ya sheria, na kwa haki. Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021 ilikuja kuyaweka mahali pamoja mambo ya uandikishaji, leseni na ukaguzi ambayo hapo awali yalikuwa yametawanyika katika sheria kuukuu. Wenye motaboti hulalamika juu ya karatasi na ada, kama kila mtu alalamikavyo juu ya karatasi na ada. Lakini mkaguzi hakai gatini kila Jumapili. Anayekaa pale ni mwenye chombo, na mbele yake wamesimama shemeji, bosi wa zamani, jirani na rafiki wa jirani, wote wamevaa vizuri, na chombo kimekwisha kujaa.

Katika jeshi jambo hili ni jepesi. Askari huhesabiwa kabla ya kupanda chombo na huhesabiwa tena wakishuka. Idadi ikitimia, aliyebaki husubiri hata akiwa na cheo, na wala hakuna anayeona ametukanwa. Uraiani ni vigumu. Kwetu mtu kumwambia mgeni wake, tena mkubwa wake kwa umri, kwamba hana nafasi, ni aibu isiyosahaulika upesi. Itasimuliwa katika arusi na matanga. Wenye vyombo wanane kati ya wale walioulizwa walikiri, baada ya kuzungukazunguka, kwamba hili ndilo wanalolichukia kuliko petroli, magugu na mawimbi. Mmoja alisema alipokuwa hana motaboti alikuwa na marafiki sita. Mwingine ameajiri nahodha kijana, fundi hasa wa kazi yake, lakini nahodha huyo hawezi kumshusha mjomba wa tajiri anayemlipa mshahara, na hutia chombo mwendo huku akiomba Mungu.

Idadi yenyewe haihitaji elimu kubwa. Chombo kikiwa hakina kibao cha kiwandani, na ni kidogo cha futi 20 kushuka chini, yapo makadirio mepesi yanayotumiwa sana Marekani: chukua urefu kwa futi, zidisha kwa upana kwa futi, gawanya kwa 15. Futi 18 mara 7 ni 126. Gawa kwa 15, ni watu wanane na kidogo. Kidogo hicho si mtu. Na makadirio hayo ni ya siku ya maji matulivu, watu wakiwa wamekaa chini. Wakisimama, uzito hupanda juu. Wakikimbilia ubavu mmoja kumtazama mwenzao anayeogelea, chombo huinama upande huo, na kama ukuta wake umekwisha kuwa karibu na maji kwa sababu ya uzito, maji huingia mara moja na kukimbilia upande ule ule ulioinama. Baada ya hapo hakuna dereva hodari.

Makoti ya kuelea nayo yana lawama zake. Yana joto, yananuka, yanaharibu picha za akina dada waliojipamba. Katika vyombo vingi huonekana yamerundikwa chini ya kiti, au yamefanywa mito ya kukalia, jambo ambalo hukandamiza sponji yake mpaka ikapoteza nguvu ya kuelea. Yafaa ijulikane kwamba mwili wa mtu mzima majini huhitaji kuongezewa nguvu kidogo tu ya kuinua, kama ya kilo nne au tano, ili kichwa kibaki juu. Koti jema hutoa mara mbili ya kiasi hicho. Lakini ni lazima liwe limefungwa mwilini kabla ya ajali. Hakuna aliyewahi kulitafuta chini ya kiti ndani ya chombo kilichopinduka akalipata kwa wakati. Koti la mtu mzima, likivishwa mtoto, huelea peke yake na mtoto huteleza chini yake.

Mwenye chombo mmoja wa Gaba, mwalimu aliyestaafu, amepata njia yake ya kuikwepa aibu. Alimwita mchoraji wa vibao vya maduka, akamwamuru aandike kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ndani wa motaboti yake, mahali ambapo kila anayeingia hulazimika kupatazama: WATU 8. Akanunua makoti manane, si tisa, akayatundika gatini juu ya misumari minane. Mgeni hufika, huchukua koti, hulivaa, hupanda. Misumari ikiwa mitupu, mwalimu hanyanyui mdomo. Mwanzoni shemeji zake walinuna, na mmoja aliuliza kama hiyo ni motaboti au ni darasa. Siku mwandishi alipopita hapo, walikuwa wamekuja kumi. Wanane waliondoka saa nne asubuhi, chombo kikakivuka kilima chake bila taabu na kupotea nyuma ya rasi. Wawili walibaki chini ya mti wakingojea zamu ya pili, wameagiza sangara wa kukaanga, wakibishana kwa sauti ni nani kati yao aliyechelewesha gari.